Nimerudi kwenye programu ya farasi baada ya miaka 3 ndani, mbona najiona mgeni?

Swali: "Nina MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo), miguu inachoka haraka hasa wa kushoto, na dawa ninazotumia zinashusha kinga. Kabla ya korona nilikuwa napanda farasi kila wiki kwenye programu ya watu wenye ulemavu, miaka 4 mfululizo, na wale watu walikuwa ndugu kabisa. 2020 programu ikafungwa, ilipofunguliwa mi nikabaki nyumbani kwa sababu ya kinga, nimekuja kurudi baada ya miaka 3 na zaidi. Nilikuta karibu watu wote wapya. Farasi wangu wa zamani, Asali, amestaafu, nikaenda uzioni nikamwita, akaniangalia kidogo akaendelea kula majani. Nikapewa farasi mwingine, akawa anahamahama pale kwenye jukwaa la kupandia mpaka msaidizi mmoja akasema anasikia hofu yako huyu. Siku hizi unapangiwa saa kwa simu, unakuta farasi ameshatandikwa, unapanda, unaondoka. Niliondoka bila kuaga mtu, nikalia kwenye gari. Ni kweli farasi anamkataa mtu mwenye hofu? Asali kanisahau? Nisubiri nikae sawa kwanza ndo nirudi, au ule umoja umeshakufa niachane nao?"

Pole sana dada yangu. Umeuliza mambo mengi ila ukiyafungua unakuta ni jambo moja, kwamba uliwapoteza watu wako bila kugombana nao, na sasa umerudi palepale, harufu ileile ya nyasi kavu na ngozi ya tandiko, na wenyewe hawapo. Hilo ni pigo la kweli na sitaanza kwa kukuambia usijali. Mimi nafundisha upandaji farasi kwa watu wenye ulemavu, miaka mingi sasa, na tulipofungua tena baada ya korona niliwaona wengi wakiondoka kimyakimya kama wewe, wengine hatujawaona tena mpaka leo, kwa hiyo naomba univumilie nikujibu kwa urefu.

Nianze na Asali maana nadhani ndo aliyekuumiza zaidi. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, amezaliwa hivyo, macho yake yako pembeni ya kichwa na anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na kipande kidogo mbele ya paji lake. Kitu asichokielewa kikitokea uzioni hafanyi ulichokiona wewe. Ananyanyua shingo juu, masikio yote mawili yanasimama mbele, anaacha kutafuna hata kama majani bado yako mdomoni, na mara nyingi anasogea. Asali aliangalia, akakutambua kama kitu kisicho na shida, akainamisha kichwa akala. Farasi kuinamisha kichwa mbele ya mtu ni kujiweka wazi, hawezi kukimbia haraka akiwa hivyo. Kwa mbwa ungetegemea aje mbio anatikisa mkia, ila farasi si mbwa, furaha yake ni ya taratibu na mara nyingi inafanana na kutojali kwa mtu aliyekuwa anasubiri kukumbatiwa.

Kama alikukumbuka wewe kwa jina na sura siwezi kukuapia, sikuwepo. Ila kumbukumbu ya farasi kwa watu ni ndefu. Kuna utafiti wa Ufaransa ulichapishwa 2010, farasi wenye umri mdogo walifundishwa kwa kupewa chakula kidogo kila wakifanya vizuri, na baada ya kutengana na mtu aliyewafundisha mpaka miezi 8 bado walimsogelea kwa urahisi kuliko wale waliofundishwa bila zawadi. Wewe ulikuwa na Asali miaka 4. Siku ukienda tena usimwite kutoka mbali, muombe mfanyakazi asimame na wewe, muingie kwa upande wa bega, umkune pale shingo inapokutana na mgongo, manyoya ya shingo yanapoishia. Farasi marafiki wanakunana hapo kwa meno, na watafiti waliopima farasi wa Camargue kule Ufaransa, 1993, walikuta akikunwa hapo mapigo ya moyo yanashuka. Kuna alama ya kujua amefurahi, mdomo wa juu unarefuka na kuanza kuchezacheza wenyewe kama anatafuta kitu hewani. Ukiuona huo mdomo utakuwa umepata jibu lako, na halitatoka kwangu.

Kuhusu hofu, yule msaidizi alisema nusu ya ukweli na nusu aliyoiacha ndo unayoihitaji. Sweden walifanya utafiti, ulichapishwa 2009, watu wakawa wanaongoza au kupanda farasi kutoka sehemu moja mpaka nyingine mara kadhaa, kabla ya mara ya mwisho wakaambiwa safari hii mkipita kuna mtu atafungua mwavuli ghafla. Mwavuli haukufunguliwa kabisa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yakapanda kwa kuuwazia tu, na ya farasi nayo yakapanda, na farasi hakuwa ameambiwa habari ya mwavuli wowote. Waliokuwa juu ya farasi walionekana wamezifupisha hatamu. Umeona ilivyo? Farasi haingii moyoni mwako kusoma huzuni yako, anasoma mikono iliyobana, pumzi iliyokatika, nyonga zilizokakamaa, na anajiuliza huyu ameona nini ambacho mimi sijakiona.

Kwa hiyo kuambiwa farasi anasikia hofu isikufanye uone una kasoro. Mapigo yake kupanda kidogo si kukukataa. Farasi wa programu hizi wanachaguliwa kwa utulivu wao na wanafundishwa muda mrefu, kazi yao ni kubeba watu wenye hofu, kila mtu anayeanza ana hofu na kila anayerudi ana hofu mara mbili. Na kwa sababu anachosoma ni mwili, mwili unaweza kuushughulikia bila kusubiri moyo upone. Toa pumzi ndefu yenye sauti kupitia mdomoni kabla ya kupanda, farasi mwenyewe akimaliza kushtuka anafanya hivyohivyo, anapuliza puani kwa nguvu na kushusha shingo. Mimi huwa nawaambia wapandaji wapulize kwa sauti bila aibu, mara kadhaa, mpaka waone sikio la farasi linageuka nyuma kuwasikiliza.

Pale jukwaani sasa. Farasi anayehamahama wakati wa kupandwa kitu cha kwanza ninachoangalia ni tandiko na mgongo wake, hofu ya mpandaji iko chini sana kwenye orodha yangu. Farasi nao walikaa bila kazi kipindi kile, misuli ya mgongo ikapungua, mgongo ukabadilika umbo, na tandiko lililomkaa vizuri mwanzo linaweza kuwa linambana sasa. Na wewe umekaa miaka 3, mguu wa kushoto umekakamaa zaidi, ukipanda bila kujua unavuta uzito wote upande mmoja, tandiko linazunguka kidogo na yeye anasogea ili asianguke. Muulize mwalimu kwa utulivu kabisa, tandiko limekaguliwa lini, naweza kusaidiwa na mtu mmoja kila upande wakati wa kupanda, na naweza kusimama na huyu farasi dakika 10 chini kabla sijapanda. Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa. Akikasirika nalo ni jibu.

Halafu hili la nikae sawa kwanza ndo nirudi. Naelewa linatoka wapi ila hapa nakupinga moja kwa moja. Mwanasaikolojia John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza upweke, na alichokuwa anasisitiza ni kwamba upweke ni taarifa ya mwili kama njaa na kiu, mwili unakuambia kuna kitu umekosa. Shida ni kwamba ukikaa nao muda mrefu unageuza jinsi unavyowaona watu. Akili inakaa macho kutafuta hatari, uso wa mtu aliyechoka tu unausoma kama uso wa mtu asiyekutaka, mtu asiposalimia kwa sababu ana tandiko mikononi unaona amekudharau. Yani dalili yenyewe inakuzuia kuifuata dawa yake. Ukisubiri hisia za kuwa mgeni ziishe ukiwa nyumbani haziishi, maana hazina pa kuishia humo ndani.

Na farasi ndo wananifundisha hili kila siku. Farasi anaweza kusinzia amesimama, miguu yake ina namna ya kujifunga, ila ule usingizi mzito wa ndoto lazima alale chini, na kundini wanapokezana, wengine wakilala kuna mmoja amesimama analinda. Farasi aliyetengwa peke yake mara nyingi halali chini inavyotakiwa kwa sababu hana wa kumlindia, anakesha, na baada ya muda unamuona anayumbayumba kwa uchovu mchana. Dada, miaka 3 umekuwa unajilinda mwenyewe usiku na mchana, virusi, mikono ya watu, kikohozi cha jirani. Ilikuwa lazima na ulifanya sahihi. Ila usishangae umerudi umechoka na kila kitu kinakushtua.

Sasa nije kwenye umoja, hapa ndo nataka tukae kidogo.

Watu wengi wanadhani umoja wa programu ya farasi unatokana na kupanda. Ukifikiria vizuri, dakika ulizo juu ya farasi ndo unaongea kidogo kuliko zote, unamsikiliza mwalimu, unatafuta mizani, umeangalia mbele. Umoja ulikuwa kabla na baada. Ulikuwa kwenye kumshikia farasi kamba wakati mwenzako anachokoa kwato, kwenye kubeba ndoo kila mtu upande wake, kwenye lile benchi la kusubiria ambapo mlikuwa mnamuangalia aliyetangulia uwanjani na kumpigia makofi siku alipoachia mkono mmoja kwa mara ya kwanza. Pale mikono ina kazi, macho yako kwa farasi, ukimya hauna aibu, na mtu ambaye hawezi kusema habari zake akitazamwa usoni anazisema zote akiwa anatazama ubavu wa farasi. Hamna mtu aliyepanga iwe hivyo. Kazi yenyewe ndo ilikuwa inawakusanya.

Na kupanda kwenyewe kwa mtu mwenye ulemavu si jambo la mtu mmoja. Wewe unajua, mmoja anaongoza farasi, mmoja kushoto mmoja kulia, mkono umepita juu ya paja lako umeshika tandiko, na wakikuzoea wanajua unataka kuyumba kabla hujajua mwenyewe. Lis Hartel wa Denmark alipata polio 1944, miguu yake chini ya magoti haikurudi, na 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki akachukua medali ya fedha kwenye mashindano ya dressage, yale ya farasi kufuata miondoko anayoongozwa na mpandaji, akiwa anashindana na wanaume. Alikuwa anasaidiwa kupanda na anasaidiwa kushuka, na siku ya medali alisaidiwa kupanda jukwaani na Henri Saint Cyr wa Sweden, yule yule aliyemshinda kwa dhahabu. Hadithi yake ni moja ya vitu vilivyosukuma programu kama yako kuanzishwa sehemu mbalimbali, na ndani yake kuna mikono ya watu wengine mwanzo mpaka mwisho.

Korona ilipiga hapohapo. Mkono juu ya paja ni karibu kuliko mita moja, huwezi kumsindikiza mtu kwa mbali. Ndo maana programu hizi zilifungwa, na zilipofunguliwa zilifunguliwa kwa woga, wasaidizi wengi walikuwa wazee wastaafu ambao wenyewe walikuwa hatarini, wengine hawakurudi, wengine wamefariki. Nasema hili kwa sababu baadhi ya wale uliowakosa inawezekana wanaombolezwa hapo na wewe hujaambiwa. Uliza. Una haki ya kujua na kuwalilia kwa majina.

Nikuambie kosa letu sisi. Tulipofungua, mimi nilikuwa kati ya waliopanga ratiba. Tukasema wapandaji wasikutane, farasi waandaliwe na mfanyakazi mmoja, mtu afike, apande, aondoke, na kwa wakati ule ilikuwa sahihi, sijutii. Tulipokosea ni kwamba hatari ilipopungua hatukurudisha ya zamani. Ratiba mpya ilikuwa inaenda vizuri sana, wapandaji wengi zaidi kwa siku, hamna foleni, kila kitu kwa dakika. Na watu wakawa wanapungua pole pole, sisi tunajiuliza kwanini, mafunzo si yaleyale, farasi si walewale. Mama mmoja ndo alitufumbua macho, aliomba awe anakuja na mwanae nusu saa mapema, nikamuuliza afanye nini, akasema mtoto anakumbuka vumbi. Lile vumbi linalotoka ukipiga brashi. Mtoto alikuwa anapanda kila wiki na bado anakumbuka vumbi.

Tukarudisha dakika 20 za brashi kabla ya kupanda, wapandaji wawili kwa farasi mmoja, mmoja kila upande. Wiki za kwanza kimya, unasikia brashi tu. Baada ya muda kidogo nikapita nikakuta wawili wanabishana juu ya mgongo wa farasi kuhusu brashi gani inatoa matope yaliyokauka, mmoja ana mkono mmoja unaofanya kazi na mwingine haoni vizuri, wanarushiana ile brashi kupitia mgongoni, na farasi katikati amelegeza mguu mmoja wa nyuma, mdomo wa chini umening'inia, anasinzia. Nilisimama pale muda mrefu bila kuwaambia kitu.

Kwa hiyo swali lako umoja umekufa, jibu langu ni kwamba hapo kwenu inawezekana haujafa, umeondolewa kwenye ratiba. Ukipanda kila wiki mwaka mzima kwa mtindo wa fika, panda, ondoka, utabaki mgeni, na haitakuwa kosa lako wala la watu wapya, nao ni wageni vilevile, wengi wao hawajawahi kujua kwamba palikuwa na kitu kingine pale. Wewe ndo unajua. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka urudi.

Rudi lakini si kwa tandiko kwanza. Farasi mpya hatumtupi katikati ya kundi, tukifanya hivyo anapigwa mateke. Kwanza karantini ya afya, alafu anawekwa zizi la jirani, uzio katikati, wananusana kwa siku kadhaa. Kisha anaunganishwa na farasi mmoja mtulivu, mmoja tu, mpaka wazoeane. Ndo anaingia kundini akiwa tayari ana rafiki, na yule rafiki ndo anayemvusha. Fanya hivyohivyo. Wiki mbili au tatu za kwanza nenda bila kupanda, kaa pembeni ya uwanja, uonekane, uzoee sauti na usichoke. Baadae tafuta mtu mmoja, usitafute kundi. Inaweza kuwa yule msaidizi aliyekuambia habari ya hofu, nadhani alikuwa anajaribu kusaidia akakosa maneno. Omba kazi inayofanyika umekaa, na zipo, kusafisha lijamu na hatamu kwa sponji na sabuni ya ngozi ni kazi ya kukaa, inachukua muda, inafanyika vizuri zaidi mkiwa wawili na ndoo moja, na hamna programu ya farasi duniani iliyowahi kusema hatuna ngozi chafu za kusafishwa.

Ukizungumza na mwalimu wako usimwambie umoja umepotea, hilo litamuumiza na hana la kulifanyia. Muombe kitu kinachoshikika, naomba nifike dakika 20 mapema nimpige brashi farasi wangu pamoja na anayepanda baada yangu. Akikubali kwa mtu mmoja imeanza. Akisema haiwezekani muulize sababu, kuna sababu za kweli kama bima au upungufu wa wasaidizi, na kuna mazoea tu ya ratiba.

Mwili wako nao tuuongelee maana sitaki uende kwa hisia peke yake. Kabla ya kupanda tena mpelekee daktari wako wa neva karatasi ya programu aisaini upya, ile ya kabla ya 2020 haifai, hali yako na dawa zako zimebadilika. Muulize waziwazi kuhusu kinga, mimi siwezi kukupimia hilo. Ninachojua kutoka upande wa mazizi ni kwamba uwanja wa wazi ni salama kuliko wa ndani, unaweza kuomba wasindikizaji wako wavae barakoa na hakuna anayepaswa kukucheka, vumbi la nyasi zenye ukungu ni baya kwa mapafu kwa hiyo kazi ya kutingisha nyasi iache, kinyesi usikiguse, mikono unanawa kwa sabuni kabla ya kula chochote, na chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati kwa sababu kwenye farasi na misumari na udongo pepopunda ni kitu cha kweli. Kofia yako ngumu kama ni ileile ya zamani usiivae, kwa kawaida zinabadilishwa baada ya miaka kama 5 hivi, na ukishaanguka nayo kwa nguvu inabadilishwa hata ikiwa mpya. Joto unalijua, MS haipendi joto, omba saa za asubuhi. Na uzito, nakuambia kama mdogo wako, programu nyingi zinatumia kipimo cha mpandaji na tandiko visizidi kama asilimia 20 ya uzito wa farasi, yani farasi wa kilo 500 ni kilo 100 kwa jumla, ukipimwa tena usione umedhalilishwa, ni mgongo wa mnyama unalindwa.

Faida nisikuzidishie. Mwendo wa farasi akitembea unatikisa nyonga zako karibu kama unavyotembea mwenyewe, mbele nyuma, juu chini, pembeni, na ndo maana misuli iliyokaza inaachia. Ujerumani walifanya majaribio na watu 70 wenye MS, wiki 12, mara moja kwa wiki, wakapata nafuu kwenye mizani ya mwili, uchovu na kukakamaa. Lakini ile ilikuwa tiba ya mazoezi juu ya farasi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, somo la kawaida la kupanda ni kitu kingine. Na kwa upande wa upweke ushahidi ni mwembamba zaidi, tafiti nyingi ni ndogo. Ninayoyasema ya umoja nayasema kwa niliyoyaona, yapime hivyo.

Ukiona kupanda kumekuwa kugumu kuna njia nyingine ambayo siioni kuwa ya aibu, kubaki kama mtu wa kujitolea bila kupanda. Wapo waliokuwa wapandaji wangu ambao sasa wanapokea wageni getini na kuwaonyesha farasi, na mtu aliyepanda miaka 4 akimshika mkono mzazi wa mtoto mpya siku ya kwanza anafanya kitu ambacho mimi mwalimu sikiwezi. Kuachana nao kabisa nako kunaruhusiwa. Ukijaribu kama miezi 3, umeomba, umefika mapema, umekaa na watu, na bado unarudi nyumbani umechoka roho kuliko ulivyokwenda, basi hapo si pako tena na kuna sehemu nyingine zenye kazi za mikono na watu. Ila usiamue kwa siku moja iliyoishia kwenye gari, siku ya kwanza kurudi ni mbaya kwa karibu kila mtu.

Na kuna mambo ambayo farasi hayatibu. Kama unalia karibu kila siku, hulali, vitu ulivyovipenda vimepoteza ladha na hali hiyo imezidi wiki 2, nenda kaonane na daktari au mshauri ana kwa ana. Sonona ni ya kawaida sana kwa watu wenye MS, sehemu yake inatoka kwenye ugonjwa wenyewe ndani ya ubongo, kwa hiyo si udhaifu wa moyo na inatibika. Ukipata mawazo ya kufa au kujidhuru usisubiri miadi, mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo na uende hospitali. Na udhaifu mpya wa kiungo, ganzi mpya au jicho kuona vibaya kwa zaidi ya saa 24, mpigie daktari wako, usidhani ni uchovu wa kupanda. Na kama ni kusongwa na woga ukiwa kwenye watu, moyo unakimbia na huwezi kupumua, mtaalamu wa saikolojia anaweza kukusaidia kurudi hatua kwa hatua wakati unaendelea kwenda zizini, si lazima umalize kimoja ndo uanze kingine.

Wiki hii fanya moja tu, mtumie mwalimu ujumbe useme Alhamisi au siku yoyote ile nakuja ila sipandi, naomba nisafishe hatamu. Siku hiyo ukimaliza mpitie Asali umkune pale nilipokuambia. Na wakati wa kuondoka, hata kama mguu umechoka na gari liko karibu, rudi kwanza mpaka kwa yule mliyekaa naye kwenye ndoo, muage, na umuulize anakuja tena lini.